Imani ya Kuazima: Mwanafunzi wa Uigizaji Mbele ya Kinjeketile

Mwanafunzi wa uigizaji anayepewa sehemu ya nabii, ya mganga au ya shahidi wa dini hukutana na swali ambalo sehemu nyingine hazimletei. Akiigiza mfalme, hakuna anayemuuliza kama anautamani ufalme. Akiigiza mwizi, hakuna jirani anayeficha mali yake. Lakini akiigiza mtu aliyeisikia sauti ya Mungu, au aliyepandwa na pepo mbele za watu, mama yake, mchungaji wake, ustadhi wake wa madrasa na wenzake wa bwenini wote watataka kujua: wewe mwenyewe unaamini? Kama unaamini, ya nini kulifanya mchezo? Na kama huamini, machozi yale uliyatoa wapi? Swali hili ni kongwe kuliko vyuo vya sanaa, na waliolijibu hawajakubaliana.

Katika Afrika Mashariki tamthilia inayolichokonoa zaidi ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, iliyochapwa mwaka 1969. Kwa kawaida hufundishwa kama tamthilia ya historia na siasa: makabila yaliyogawanyika yanaungana dhidi ya Mjerumani. Usomaji huo ni wa haki, ila unakwepa kitu kilichokaa katikati ya jukwaa. Kinjeketile ni mtu aliyepewa neno na nguvu isiyoonekana. Watu wamelipokea neno hilo na kuliamini kuliko anavyoliamini yeye. Naye akibaki peke yake hana tena hakika ni nani aliyesema. Hilo ni tatizo la dini kabla halijawa la siasa. Mwanafunzi anayeanza mazoezi hawezi kulizunguka, kwa sababu ni yeye atakayesimama na kulitamka.

Historia yenyewe inajulikana. Mnamo Julai 1905, katika vilima vya Umatumbi, kusini-mashariki mwa Tanzania ya leo, watu waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima na utawala wa Kijerumani. Nyuma ya tendo hilo kulikuwa na mahubiri ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye mwaka mmoja kabla alisemekana kushikwa na pepo aitwaye Hongo, kuvutwa hadi kwenye kidimbwi cha mto, kuzama, na kutoka kesho yake nguo zikiwa kavu. Dawa yake ya maji iliaminiwa kwamba ingezifanya risasi za Wajerumani zisidhuru. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga huko Mohoro. Vita viliendelea bila yeye hadi 1907, na waliokufa kwa njaa, baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto, walikuwa wengi kuliko waliopigwa risasi. Makadirio ya Wajerumani yalikuwa vifo 75,000, mwanahistoria G.C.K. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Hussein alitanguliza onyo kwamba Kinjeketile wake si yule wa historia, na tofauti si ndogo. Yule wa historia alinyongwa vita vikiwa ndiyo kwanza vinashika moto. Yule wa jukwaani anaishi hadi kuwaona wenzake wameshindwa, akiwa kifungoni pamoja na Kitunda, kiongozi wa wapiganaji. Mwandishi amempa muda wa kufikiri ambao Wajerumani hawakumpa mwenzake, na ndani ya muda huo ameweka shaka. Katika maneno anayoyatoa akiwa amepandwa, Kinjeketile wa tamthilia anatangaza kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Akizinduka na kuyapima maneno hayo, yanamtisha. Kumfukuza Mjerumani ili kumpokea Sultani wa Zanzibar ni ukombozi gani? Kama neno hilo limetoka kwa Hongo, Hongo ni nani? Na kama halikutoka kwa Hongo, maji nayo yametoka wapi? Wenzake wanadai vita vianze. Yeye anasema bado.

Mwitikio wa mwanafunzi anapousoma mswada huu mara ya kwanza hutegemea sana nyumba aliyotoka. Aliyelelewa katika ulokole huliogopa onyesho la kupandwa, hata akajiuliza kama ni halali kulifanyia mazoezi usiku. Aliyezoea kupima kila jambo kwa sayansi humtafutia Kinjeketile ugonjwa: kifafa, njozi za njaa, au ulaghai wa mganga anayetaka heshima. Aliyekulia karibu na ngoma za pepo huenda asishtuke kabisa, naye ana hatari yake: ataiga alichokiona kwa shangazi yake, mtetemeko kwa mtetemeko, bila kujiuliza kinachotokea ndani ya mtu huyu kwa sababu gani na kwa gharama ya nani. Wote watatu wanalijibu swali la imani kabla ya kuigiza, na jibu lao linaonekana mwilini. Mlokole anaufanya mwili kuwa mgumu, msomi anamwigiza Kinjeketile kwa kejeli ya chinichini, na mwenyeji wa ngoma anacheza ngoma badala ya tamthilia.

Woga wa kulitamka neno la dini jukwaani unastahili kuchukuliwa kwa uzito, kwa sababu dini zenyewe zimeuchukulia kwa uzito. Je, neno la dini likitamkwa jukwaani linabaki kuwa neno tu, au linafanya kazi yake? Yapata mwaka 400 Augustino wa Hippo, akiandika juu ya ubatizo, aliliuliza swali hilo bila kuficha: mtu akibatizwa katika mchezo wa kuigiza, kwa mzaha, ubatizo huo unahesabika? Na ikiwa katikati ya mzaha moyo wake umeguswa ghafla akaamini, je? Askofu huyo, ambaye hakuwa mtu wa kukosa la kusema, alikataa kutoa hukumu yake mwenyewe juu ya hali hiyo, akashauri kwamba uamuzi wa Mungu uombwe kwa sala. Zama hizo swali halikuwa la nadharia. Kulikuwa na masimulizi ya waigizaji waliokuwa wakiukejeli ubatizo mbele ya hadhira ya kipagani, wakaongoka papo hapo wakiwa wamelowa maji. Maarufu zaidi ni Genesius wa Roma, anayesemekana kuongoka mbele ya Kaisari Diocletian na kuuawa kwa hilo. Wanahistoria wana mashaka kama aliwahi kuishi, maana kisa kinachofanana na chake kilisimuliwa pia juu ya Gelasinus wa Heliopolis. Hata hivyo Kanisa Katoliki limemfanya Genesius kuwa msimamizi wa waigizaji, na katika karne ya 17 Lope de Vega wa Hispania na Jean Rotrou wa Ufaransa wote walikiandikia tamthilia kisa chake. Kwa mtu anayesomea sanaa hii, Genesius ni habari ya kutisha na ya kuvutia kwa pamoja. Alianza kwa kudhihaki, na sehemu aliyoivaa ikakataa kuvuliwa.

Kanisa lilikuja kuliweka jambo hili katika sheria kwa njia ya nia. Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, ulitamka kwamba mhudumu wa sakramenti hana budi kuwa na nia ya kufanya angalau kile ambacho Kanisa hufanya. Kwa hiyo kijana anayeigiza padri katika igizo la shule na kutamka maneno ya misa hajageuza chochote, na anayemmwagia mwenzake maji jukwaani hajambatiza. Hapa mwanafunzi Mkatoliki anaweza kupumua.

Mwanafunzi Mwislamu ana njia inayokaribiana na hiyo, ila ina kona zaidi. Matendo hupimwa kwa nia, hilo kila aliyepita madrasa analijua. Analijua pia lile la pili: kwamba yapo mambo ambayo mzaha wake huhesabiwa kuwa kweli, nayo ni ndoa, talaka na kumrejea mke. Basi mwigizaji anayemtamkia talaka mwigizaji mwenzake, ambaye ndiye mkewe wa kweli, amefanya nini? Wanafiqhi wa Kishafii, ambao madhehebu yao ndiyo yaliyoenea pwani ya Afrika Mashariki, wamewahi kulijadili jambo la jirani yake: mwalimu anayetamka maneno ya talaka akifundisha, au mtu anayesimulia maneno ya talaka ya mwingine. Huyo hajaacha mke, kwa kuwa anafanya hikaya, yaani anasimulia, hatamki la kwake. Kwa mantiki hiyohiyo anayenukuu maneno ya ukafiri hakufuru. Qurani yenyewe inayabeba maneno ya Firauni aliyejidai kuwa mola, na kila msomaji huyatamka akiwa na udhu. Wapo wanazuoni wa sasa wanaosita kuipanua ruhusa hii hadi jukwaani, hasa panapohusika mitume, maswahaba na ibada, na kusita kwao kuna sababu: msimulizi hunukuu kwa ulimi, mwigizaji hunukuu kwa mwili mzima, tena mbele ya watu wanaolia. Hata hivyo mlango wa hikaya unabaki kuwa jibu zuri kuliko majibu mengi yanayotolewa katika vyumba vya mazoezi. Unamwambia mwanafunzi kwamba anachofanya ni kubeba neno la mtu, na kwamba neno la kubeba lina adabu yake.

Woga wa mlokole ni wa namna nyingine, na mwongozaji anayeujibu kwa hoja ya nia atakuwa hajamsikia. Mlokole hasemi kwamba atahesabiwa kuwa mganga. Anasema kwamba mapepo yapo, na yakiitwa huja, hata aliyeyaita awe anacheza. Wala hayuko peke yake. Katika ngoma za pepo za pwani kila pepo ana mdundo wake, rangi yake na mafukizo yake, na fundi wa ngoma huangalia mdundo gani utampandisha kiti yupi, yaani mtu apandwaye na pepo. Kwa mwenye kuamini hivyo, mpigaji akiupiga mdundo wa kweli jukwaani, tofauti kati ya jukwaa na uwanja wa ngoma imepotea, na anayeweza kupandisha si mwigizaji tu bali hata mama aliyekaa safu ya tatu. Katika jambo hili busara ya kazi na heshima ya imani zinaelekea upande mmoja: mwongozaji atunge mdundo ambao si wa pepo yeyote anayejulikana, na mienendo ambayo haikunakiliwa kutoka katika ibada ya watu hai. Tamthilia haipungukiwi kitu kwa hilo. Hongo wa jukwaani ni wa Hussein.

Pamoja na hayo, mwanafunzi anayechunguza upandaji pepo kwa makini atagundua kwamba hauko mbali na kazi yake kama alivyodhani. Mfaransa Michel Leiris, aliyeshuhudia ibada za mapepo waitwao zari huko Gondar, Ethiopia, wakati wa safari ya utafiti ya 1931 hadi 1933, alichapisha mwaka 1958 kitabu kizima juu ya sura ya kitamthilia ya ibada hizo. Aliona kwamba aliyepandwa hufuata tabia inayojulikana ya zari wake, huvaa mavazi yake, huongea kwa namna yake, na watazamaji humpokea kwa kadiri ya ubora wa uigizaji huo. Na bado halikuwa igizo la uongo, kwa sababu watu waliliishi. Tofauti kubwa iko mahali pengine. Kiti akizinduka husema hakumbuki. Mwigizaji hana ruhusa ya kutokumbuka. Wakati macho yake yamegeuka na povu linamtoka, lazima ajue taa iko wapi, mwenzake atamdaka upande gani, na sentensi ipi ndiyo ishara ya kuingia kwa kundi la wazee. Mtu anayeweza kuyafanya hayo yote hajapandwa.

Ndipo swali linapohamia kwenye ufundi, na huko nako watu wamegombana. Denis Diderot, katika maandishi yake juu ya mwigizaji yaliyochapwa mwaka 1830, miaka 46 baada ya kifo chake, alishikilia kwamba mwigizaji mkubwa hahisi kitu. Analia kwa hesabu, na hesabu hiyo ndiyo inayomwezesha kulia vilevile kesho. Konstantin Stanislavski wa Moscow aliamini kinyume, au karibu na kinyume. Hakumtaka mwigizaji aamini kwamba yeye ni mfalme au nabii, jambo ambalo ni wazimu. Alimtaka ajiulize angefanya nini kama angekuwa katika hali ile, na kulifuata jibu kwa mwili wake hadi hisia zije zenyewe. Walimu wengi wa leo, hata wasiolitaja jina lake, hufundisha hivyo. Kwa sehemu za kawaida njia hii inatosha. Kwa Kinjeketile inakwama mapema. Mwanafunzi anajiuliza, ningefanya nini kama Hongo angenivuta mtoni, na jibu la kweli kwa vijana wengi ni kwamba wangepelekwa hospitali.

Mfano unaolifumbua fumbo hili unatoka Poland. Mwaka 1965 Jerzy Grotowski aliongoza onyesho lililotokana na tamthilia ya Calderón juu ya mwanamfalme Mkristo anayeteswa na kufa bila kuikana imani yake. Mwigizaji mkuu alikuwa Ryszard Cieślak. Walioliona waliandika kana kwamba wametoka kwenye ibada: mtu mwenye kitambaa kiunoni tu, anayeteswa, anayeng'aa. Baada ya Cieślak kufariki mwaka 1990, Grotowski alieleza kilichokuwa ndani. Katika miezi ya mazoezi hawakugusa mateso wala kifo. Kila mwendo wa mwili ule ulijengwa juu ya kumbukumbu ya mapenzi ya kwanza ya Cieślak alipokuwa kijana, furaha ile ambayo ilikaribia kuwa sala. Watazamaji waliona shahidi wa dini. Mwigizaji alikuwa akimkumbuka msichana. Je, walidanganywa? Ni vigumu kusema hivyo. Walichokiona, mtu aliyejitoa mzima bila kubakiza, kilikuwepo kweli mbele yao. Mwigizaji alikitoa katika maisha yake kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kukitoa, na hadhira ikakiweka pale tamthilia ilipokihitaji.

Ukweli wa dini jukwaani, basi, haukai moyoni mwa mwigizaji peke yake. Unakaa katika makubaliano kati yake, maneno na watazamaji. Mahali ambapo jambo hili limekomaa kuliko popote pengine ni katika taazia za Iran, maigizo ya mauaji ya Imam Husein huko Karbala, ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha yake ya urithi mwaka 2010. Upande wa Imam huvaa kijani na kuimba. Maadui huvaa nyekundu na kusema kwa sauti kavu, bila kuimba. Waigizaji wengi hushika karatasi ya maneno mkononi hata wakiwa wameyahifadhi, kama kusema: mimi si Husein, na hasha, mimi si Shimr. Anayeigiza Shimr, muuaji, huweza kulia machozi ya kweli huku akiinua jambia. Watazamaji wanamchukia Shimr na kumwonea huruma mwigizaji kwa wakati mmoja, wala hakuna anayechanganyikiwa. Taazia haina haja ya kumuuliza mwigizaji anaamini nini. Imani ni ya uwanja mzima, na karatasi ile inalinda mpaka. Waithnaashari wa Zanzibar na Dar es Salaam, wanaoikumbuka Karbala kwa majlisi na matembezi ya Muharram, hawahitaji kuelezwa kwa nini mtu alie kwa tukio la mwaka 680.

Oberammergau, kijiji cha Bavaria nchini Ujerumani, kimefika mahali pa karibu kwa njia ndefu zaidi. Kwa nadhiri ya mwaka 1633, wakati wa tauni, wanakijiji huigiza mateso ya Yesu kila baada ya miaka kumi. Kwa karne nyingi ilichukuliwa kuwa waigizaji ni Wakristo, na tena mchezo wenyewe uliwachora Wayahudi kwa chuki hata Hitler akausifu. Chini ya mwongozaji Christian Stückl mambo hayo yamebadilishwa hatua kwa hatua, na mwaka 2022 sehemu ya Yuda iliigizwa na Cengiz Görür, Mwislamu, kijana wa kijijini hapo. Nadhiri ilikuwa ya kijiji, na Görür ni wa kijiji.

Onyesho la Kinjeketile katika ukumbi wa chuo halina kijiji cha namna hiyo. Hadhira yake ni mchanganyiko: Wakatoliki, Waislamu, walokole, wasioamini, na wenye mababu waliokunywa maji yale na kufa. Hakuna imani moja ya uwanja mzima inayoweza kumbeba mwigizaji. Inaonekana Hussein aliliona hilo, na ndiyo sababu tamthilia yake haimtegemei Kinjeketile aliyepandwa. Onyesho la mtoni ni fupi. Lililo refu ni siku zinazofuata, ambapo mtu huyu anatembea katikati ya watu wanaomwita mtume ilhali yeye anayachunguza maneno yake kama ya mgeni. Aliyatamka, lakini si yake. Amevishwa sehemu ambayo hakuiomba, hadhira imeshaketi, na hawezi kuondoka jukwaani bila kuubomoa umoja ambao maneno yale yameuleta. Kinjeketile, kwa maneno mengine, yuko katika hali ileile ya mwanafunzi anayemwigiza.

Hapa ndipo usomaji unaomfanya tapeli unapoporomoka. Tapeli anajua ukweli na kuuficha. Kinjeketile haujui, na kutojua huko kunamtesa. Usomaji wa pili, unaomfanya mtakatifu asiyetikisika, unaporomoka vilevile, kwa kuwa mtakatifu wa namna hiyo hana sababu ya kuchelewesha vita. Mwanafunzi aliyekuja na mashaka yake kuhusu maji, pepo na unabii hana haja ya kuyaacha mlangoni kabla ya kuingia mazoezini. Ayaingize. Ndiyo malighafi ya maonyesho yote yanayofuata lile la mtoni. Anachotakiwa kukiazima ni kitu kimoja tu, nacho ni uzito: kwamba swali hili, la kama sauti ile ilikuwa ya kweli, limebeba roho za watu. Mwanafunzi asiyeamini anaweza kuubeba uzito huo. Na yupo mwamini asiyeweza, yule ambaye imani yake haijawahi kumgharimu chochote.

Onyesho la mwisho ndilo linalopima kama uzito huo umebebwa. Watu wamekufa. Kinjeketile anateswa kifungoni. Adui anataka neno moja tu, kwamba maji yalikuwa uongo, na Kitunda, rafiki yake aliyeona vita kwa macho, naye anamsihi aliseme. Kwa kipimo cha ukweli wa kawaida, Kitunda ana haki: risasi hazikugeuka maji. Kinjeketile anakataa. Hakatai kwa sababu ameurudia uhakika wa mtoni, wala mswada hautoi ishara kwamba Hongo amesema naye tena. Anakataa kwa sababu kusema hivyo kungemaanisha kwamba waliokufa walipigania uongo, na watoto wao wangelirithi hilo. Mwigizaji akilisema kwa sauti ya mtu aliyeshinda, ametoa hotuba ya sikukuu ya taifa. Akilisema kwa sauti ya mtu aliyepagawa, amemwondolea mhusika uamuzi wake. Lisemwe na mtu aliyechoka, aliyejua kwamba huenda Kitunda ana haki, na bado akachagua. Je, huo ni uaminifu au ni uongo mtukufu? Mwanafalsafa anaweza kulijadili hadi alfajiri. Mwigizaji analazimika kuchagua kabla pazia halijafunguliwa, na chaguo lake hadhira italiona.

Wapo watakaokataa sehemu hii hata baada ya kuelezwa yote, na historia ya maigizo inajua kukataa pia. Mwaka 1926 mwigizaji Youssef Wahbi wa Misri alikuwa ameshakubali kumwigiza Mtume Muhammad katika filamu. Al-Azhar ikapinga, mfalme akatishia, naye akajitoa. Huyo alishinikizwa. Mwanafunzi anayejitoa mwenyewe kwa dhamiri yake yuko katika hali nyingine, na walimu wa sanaa wasimhukumu kuwa mwoga au mvivu. Apewe Kitunda, ambaye ni mgumu kama Kinjeketile, au apewe kazi ya taa na maleba, na apimwe kwa hiyo bila kupunguziwa alama. Asichostahili kupewa ni ruhusa ya kuichukua sehemu ya Kinjeketile na kuiigiza nusunusu, akiwakonyeza watazamaji wajue kwamba yeye binafsi haamini mambo haya. Mwanafunzi wa namna hiyo aondolewe kwenye sehemu hiyo siku ileile.